Panga likikaribia: uhame ofisi au uhame fani?

Watu wengi wanaonijia wakihofia kupunguzwa kazi huwa wameshajibu swali kabla hawajaliuliza. Mmoja anakuja na fomu ya chuo cha kompyuta mkononi. Mwingine ameshaongea na muuza vifaranga. Wa tatu ameapa hatoki kwenye uhasibu hata iweje, maana ndiko alikosomeshwa na baba yake. Nimekaa miaka 19 kwenye ofisi za rasilimali watu hapa Dar es Salaam, na mara 4 nilikuwa mezani wakati orodha ya wanaoondoka inaandikwa. Siku hizi nawashauri wanaokaa upande wa pili wa meza ile. Jambo ninalowaambia kwanza ni kwamba nafasi yako ni kitu kimoja na fani yako ni kitu kingine, na mara nyingi kinachokufa ni kimoja tu. Ukikosea kujua ni kipi, utakimbia pale ulipopaswa kubaki, au utabaki kwenye nyumba inayobomolewa.

Mwaka jana alinijia kijana wa miaka 37, keshia wa benki, ana miaka 12 kazini. "Shikamoo mama," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akawa ameshaweka mezani tangazo la kozi ya kuandika programu za kompyuta. Tawi lao lilikuwa linatajwa kwamba litafungwa. Foleni zilikuwa zimepungua, na kila mtu alijua wateja walikokwenda. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, Benki Kuu ikatoa mwongozo wa uwakala wa benki, yaani watu wa mtaani kupokea na kutoa fedha kwa niaba ya benki, mwaka 2013, na tangu hapo kazi ya kupokea na kutoa noti imekuwa ikitoka dirishani kidogo kidogo na kuhamia kwenye vibanda vya mtaani.

"Mama, keshia amekwisha," akaniambia. "Bora niwahi huko kwenye kompyuta."

Nikamwomba anunue daftari. Kwa siku 10 za kazi aandike kila saa alichofanya. Asiandike "kuhudumia wateja", maana hayo ni maneno ya mkataba. Aandike alichofanya kwa mikono, kwa macho na kwa mdomo. Alirudi na kurasa zimejaa, mwandiko mdogo wa mtu aliyezoea vitabu vya hesabu. Nanukuu siku moja kwa ruhusa yake: "Saa 3: mauzo ya duka la jumla, noti 2 za elfu kumi bandia, nimezizuia. Saa 4 na nusu: wakala wa Buguruni, floti (fedha ya kuendeshea uwakala) haijaingia, nimefuatilia makao makuu mpaka ikaingia. Saa 6: mjane mwenye barua ya mirathi, nyaraka 2 zinakosekana, nimemwelekeza mahakamani. Saa 11: kufunga hesabu, pungufu 40,000, nimeitafuta dakika 50, muamala uliingizwa mara mbili."

Tukajumlisha pamoja. Kati ya saa 80, kuhesabu noti na kuingiza amana kulichukua saa 31. Matatizo ya mawakala yalichukua saa 22, na kazi hiyo haikuandikwa popote kwenye majukumu yake. Ilimwangukia kwa sababu mawakala walijua akishika jambo haliachi. Zilizobaki zilikuwa za kukagua nyaraka, kutafuta fedha ilipopotelea na kuongea na watu wenye hasira au msiba. Kwa hiyo kilichokuwa kinakufa ni dirisha. Ujuzi wa kusimamia wakala na kuifukuzia shilingi iliyopotea ulikuwa unahitajika zaidi kila mwezi, na kinachouhitaji ni uwakala ule ule uliokuwa unafunga tawi lake. Kijana aliangalia ile jumla kwa muda mrefu bila kusema neno.

Sina ubaya na kompyuta, na wapo niliowashauri waende. Ila huyu hakuwahi kukaa hata jioni moja akijaribu. Alichokuwa anakitafuta ni mlango wa kutokea, na tangazo lilikuwa la kwanza kuonekana.

Kipimo cha pili ni simu 5. Wapigie watu 5 wanaofanya kazi kama yako kwa waajiri wengine, waulize mambo matatu: mwaka huu mmeajiri au mmepunguza, aliyeondoka nafasi yake ilijazwa, na wewe mwenyewe mtoto wako ungempeleka kwenye kazi hii? Wakikujibu kwamba kwao mambo yanakwenda, basi anayeumwa ni mwajiri wako, na dawa yako ni kuhama ofisi. Wakilia wote watano, fani yenyewe inaumwa.

Hilo la pili nililiona kwa fundi mmoja wa mtambo wa kuchapa magazeti. Alipiga simu zake akarudi mnyonge: wawili walishaondolewa, wawili wamepunguziwa zamu, wa tano yuko kazini lakini anatafuta kwingine. Huyo nilimwambia bila kuzunguka, kaka, hama. Akaniuliza, "Nianze upya na miaka 44?" Tukafungua daftari lake pia. Mota, mikanda, beringi, kusikiliza mlio wa mashine na kujua kinachotaka kukatika kabla hakijakatika. Mtu wa namna hiyo akienda VETA, chuo cha ufundi stadi, kusomea umeme wa viwandani haanzi upya. Anaongeza karatasi juu ya miaka 20 ya masikio. Alianza kusoma jioni, barua ya kupunguzwa ikiwa bado haijaandikwa.

Wenye hofu hupenda kunitajia methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Naiheshimu sana. Lakini ni ya mtu ambaye mbachao bado ni wake. Ukiona nafasi za walioacha kazi hazijazwi, ukiombwa ghafla uandike hatua zote za kazi yako, ukikagua taarifa ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukakuta michango ya miezi 3 haijafika, basi mbachao umeanza kukunjwa na wewe bado umeukalia.

Sasa fedha, na hapa naomba unisikilize kwa makini: usijiuzulu kwa hofu. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa kiinua mgongo mtu aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi 12 kisha mwajiri akamwachisha. Anayeacha mwenyewe hana dai hilo. Kiwango cha chini ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inakomea miaka 10. Yaani kijana wangu wa miaka 12 sheria inamhakikishia siku 70, si 84. Kwa mshahara wa msingi wa Sh 900,000 na wiki ya siku 6 za kazi, ni kama Sh milioni 2.4. Kuna pia notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28 au malipo yake, likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo ni la aliyeachishwa, si aliyeacha: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, ukiwa umechangia angalau miezi 18. Ukiletewa mpango wa kuondoka kwa hiari, usisaini mpaka ujue karatasi itaandika kwamba umeondokaje.

Kama ni mtumishi wa benki, angalia mkopo wako wa nyumba au gari. Mikopo ya wafanyakazi huwa na riba nafuu, na mingi hupanda kuwa riba ya kawaida siku unapotoka. Soma pia bima ya mkopo huo, maana nyingine zinagusa kupoteza kazi na nyingine zinaishia kwenye kifo na ulemavu. Nimewaona watu walioapa kwamba wana akiba ya mwaka mzima. Tukitoa mkopo, ada ya Januari na kodi ya nyumba inayodaiwa miezi 6 mbele, zinabaki wiki 9. Wiki 9 hazitoshi kubadili fani. Zinatosha kuhama ofisi, na katika ofisi mpya ndipo utasomea fani mpya polepole.

Kuhusu kuku. Dada mmoja aliyekuwa katibu muhtasi alipokea kiinua mgongo chake Ijumaa, Jumatatu akanunua vifaranga 500. Gumboro, ugonjwa wa kuku, iliingia wiki ya tatu, akapoteza zaidi ya 300 katika siku 4. Alinionyesha picha kwenye simu na sikupata la kusema, nikamshika mkono tu. Ufugaji ni fani yenye chanjo zake, tarehe zake na hasara zake za kujifunzia, sawa na udaktari wa meno. Yeye alikuwa amebadili fani bila kujua kwamba amebadili, kwa sababu sisi tumezoea kuita biashara "kujishikiza". Bodaboda, bajaji, duka la vipodozi, yote ni hivyo hivyo. Kama moyo wako uko huko, nenda ukafanye kazi kwa anayefuga sasa, Jumamosi 8 mfululizo, ubebe maji na ufagie banda, mshahara ukiwa bado unaingia. Zikifika Jumamosi 8 na bado unataka, njoo tupige hesabu.

Na mwambie mwenzako nyumbani. Nimekutana na wanaume waliovaa tai kila asubuhi wakaenda kukaa Mnazi Mmoja mpaka saa 10, mwezi mzima, mke hajui. Katika mwezi huo ada ililipwa kwa mkopo wa mtaani na mchango wa harusi ukaahidiwa laki 3. Aibu ile ilikula fedha nyingi kuliko njaa.

Kijana wa benki tulimpeleka kwenye kikao cha mashauriano na daftari lake. Sheria ile ile ya ajira inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema na ashauriane na wafanyakazi kuhusu sababu, njia za kuepuka kupunguza na namna ya kuchagua wanaoondoka, na wengi hukichukulia kikao hicho kama msiba ambao mtu anaenda kukaa kimya. Mimi nimeona majina yakifutwa kwenye orodha ndani ya vikao hivyo. Yeye jina lake halikufutwa. Lakini aliomba, na akakubaliwa, Alhamisi 3 za kuzunguka na ofisa wa mawakala Mbagala na Chanika kabla ya notisi kwisha. Kama nawe unaona taratibu hazikufuatwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, inapokea malalamiko ya kuachishwa ndani ya siku 30, na siku hizo hukimbia.

Sasa kijana huyo anasimamia mawakala 60 wa taasisi nyingine ya fedha, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mshahara ni pungufu ya ule wa zamani kwa Sh 150,000, na pikipiki ya kazi imeshamwangusha mara moja Kongowe. Daftari bado analo, na siku hizi anaandika bila kuagizwa. Alipokuja mwezi uliopita alinifungulia ukurasa wenye safu mpya aliyoichora kwa rula pembeni: mambo ambayo mawakala wameanza kuyamaliza wenyewe kwenye simu bila kumwita. Yalikuwa 4. Aliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, akaniomba tuyaangalie moja moja.