Kukata video bila kuisimba upya: kwa nini mkato hauangukii popote upendapo

Wengi huamini kwamba programu huria kama Avidemux au LosslessCut, zikiwekwa katika hali ya kunakili tu (bila kuisimba, yaani kuibana, video upya), zinaweza kukata video kwenye fremu yoyote ile, na kwamba mkato ukipotoka kwa sekunde kadhaa basi programu ni mbovu. Lawama hiyo si ya haki.

Video iliyobanwa kwa H.264, mbinu ya kubana video, si mfululizo wa picha kamili. Fremu kamili, inayojitegemea, yaani fremu kuu, huwekwa mara moja moja tu. Zinazofuata huhifadhi mabadiliko pekee, na baadhi yake hutegemea hata fremu zinazokuja baadaye. Kisimbaji cha x264, programu inayobana video kwa H.264, kwa mpangilio wake wa kawaida, huruhusu hadi fremu 250 kati ya fremu kuu mbili, yaani sekunde 10 kwa kasi ya fremu 25. Ukianza kipande katikati ya fremu kuu mbili, kisimbuzi (programu inayofungua video ili ichezwe) hakina picha ya kujengea, na mtazamaji huona skrini iliyoganda au vipande vya rangi vilivyovurugika. Ndiyo maana FFmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za maandishi, ukiiagiza inakili kwa «-c copy» na kuweka «-ss», yaani mahali pa kuanzia, kabla ya faili, hurudi hadi fremu kuu iliyotangulia.

Mwisho wa kipande hausumbui sana. Mwanzo ndio wenye masharti.

Anayehitaji usahihi kamili asimbe upya fremu chache tu za kwenye mkato na kunakili zilizobaki, njia ambayo LosslessCut inayo, ingawa bado ni ya majaribio.