Je, wajua kwa nini kadi ya zamani ya uzazi husema jambo juu ya moyo wa mwanamke mwenye afya?

Katika mkoba ambamo familia nyingi za Pemba huhifadhi vyeti vya kuzaliwa vya watoto, aghalabu huwamo pia kadi ya kliniki ya wajawazito. Moja niliyoonyeshwa Wete ni ya mimba ya miaka 17 iliyopita. Karatasi imechakaa kwenye mikunjo, na katika safu ya presha, chini ya mistari minne ya 110/70, imeandikwa 160/110. Pembeni yake, protini kwenye mkojo. Mwenye kadi sasa ana miaka 46, havuti sigara, hana kisukari, na presha yake ni ya kawaida. Alipopimwa karibuni, jedwali la kukadiria hatari ya maradhi ya moyo lilimweka katika kundi la chini kabisa. Je, maandishi yale ya zamani yana la kumwambia?

Zamani ningejibu kuwa hayana. Niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba maradhi ya mishipa ya moyo ni ya wanaume, na kwamba homoni ya estrojeni humkinga mwanamke hadi hedhi ikome. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana inadumu: kwa wastani mwanamke hupatwa na maradhi haya takriban miaka 10 baada ya mwanamume. Lakini kuchelewa si kuepuka, kwani duniani kote maradhi ya moyo na mishipa huua wanawake wengi kuliko maradhi mengine yoyote. Tena, kama estrojeni ingekuwa ngao, kumpa mtu homoni hiyo kungemkinga, na jambo hilo lilijaribiwa. Katika miaka ya 1960 nchini Marekani, wanaume waliokwisha kupata mshtuko wa moyo walipewa estrojeni. Mwaka 1970 kipimo cha juu kilisitishwa kwa sababu waliokitumia walizidi kupata mishtuko. Mwaka 2002, nchini humo humo, jaribio la wanawake zaidi ya 16,000 waliokoma hedhi, ambapo baadhi yao walipewa estrojeni pamoja na projestini (homoni nyingine ya kike iliyotengenezwa), nalo lilikatishwa kabla ya muda wake: saratani ya matiti iliongezeka na moyo haukukingwa. Haimaanishi kwamba homoni hazihusiki, maana wanawake wanaokoma hedhi mapema, kabla ya miaka 45, huwa na hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo. Ila neno "kinga" halitoshi kulieleza jambo lenyewe.

Majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 huwatenganisha wanaume na wanawake, kisha huuliza umri, sigara, presha, kisukari na lehemu (kolesteroli), na kutoa asilimia ya hatari kwa miaka 10 ijayo. Umri ndio wenye uzito mkubwa, kwa hiyo mwanamke wa miaka arubaini na kitu, ikiwa hana tatizo jingine, hupata namba ndogo. Namba hiyo ni sahihi kwa swali lililoulizwa. Mimba haimo katika swali hilo.

Sasa fikiria mashua iliyofungwa gatini ikiwa tupu. Ukiitazama ubavuni huoni kasoro. Ipakie magunia ya karafuu hadi izame kwa kina chake cha safari, na maungio ambayo kalafati yake imelegea yataanza kupitisha maji. Ukishapakua, mashua hupanda, ungio hutoka majini, na maji hayaingii tena. Lakini fundi aliyekuwapo wakati wa kupakia anajua pa kugonga. Mimba ni shehena ya namna hiyo. Damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu, moyo husukuma zaidi kila dakika, na mishipa hulazimika kutanuka ili kuupokea mzigo. Inaposhindwa, presha hupanda baada ya wiki ya 20 na protini huweza kuonekana kwenye mkojo, kama ilivyoandikwa kwenye kadi ile, na huo ndio mwanzo wa kifafa cha mimba. Baada ya kujifungua presha hushuka, kadi huwekwa mkobani. Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wanawake waliopitia hali hiyo walikuwa na hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo takriban maradufu, na ya presha ya kudumu zaidi ya mara tatu.

Mfano wa mashua una mpaka wake. Wataalamu hawajaafikiana iwapo mimba hufichua tu udhaifu uliokuwapo au nayo huiachia mishipa jeraha. Huenda yote mawili ni kweli. Sehemu kubwa ya ushahidi imetoka Ulaya na Marekani. Zaidi ya hayo, watafiti walipoongeza historia ya kifafa cha mimba katika majedwali, ukadiriaji uliboreka kidogo sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya hatari hiyo hupitia presha inayokuja kupanda baadaye, na presha tayari imo katika jedwali.

Hapo ndipo ninapoona faida ya kadi ile. Haibadilishi sana asilimia ya leo, bali inaonyesha ni nani wa kupimwa presha, sukari na lehemu mapema na mara kwa mara, bila kusubiri ajisikie vibaya. Mama wa Wete ameitoa katika mkoba wa vyeti na kuibana ndani ya daftari lake la hospitali, ukurasa wa kwanza.