Msongamano wa mtandao: kwa nini intaneti ya nyumbani husumbua usiku

Mchana unapiga simu ya video na kila kitu kinakwenda. Ikifika saa mbili usiku, video inaganda, sauti inakuwa ya roboti, na jirani anauliza kutoka ng'ambo ya ua, "Na kwako imekata?" Hapa Kampala neno hilo moja, kukata, tunalibebesha matatizo manne au matano yasiyo na undugu. Mara nyingi intaneti ya usiku haijakatika. Imesongamana.

Msongamano wa mtandao ni hali ya data kuwa nyingi kuliko uwezo wa njia inayopitia kwa wakati huo. Data husafiri kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Zikifika mahali penye njia nyembamba, hupanga foleni ndani ya kumbukumbu ya kifaa kilichopo hapo. Foleni ikirefuka, mambo huchelewa. Kumbukumbu ikijaa, pakiti zinazofuata hutupwa. Wala kutupwa huko si hitilafu, mtandao ulibuniwa hivyo: kompyuta iliyotuma ikiona pakiti haikufika, huituma tena na kupunguza mwendo. Ujumbe wa maandishi huvumilia hayo. Simu ya video haivumilii, maana sauti iliyochelewa sekunde mbili haina kazi tena. Ndiyo maana simu ya WhatsApp inakufa mdomoni huku ujumbe wa maandishi ukipita salama.

Kwa nini usiku? Uganda imekatizwa na ikweta, kwa hiyo giza huingia karibu na saa moja kila siku ya mwaka, Januari kama Julai. Watu wanatoka kwenye jamu ya Jinja Road, wanafika nyumbani, wanawasha televisheni na simu ndani ya saa zile zile mbili tatu. Ongeza mpira. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza saa nne au saa tano usiku kwa saa zetu, kutegemea kama Ulaya imesogeza saa zake, na siku hizo hata mtu asiyejua ratiba ataijua kwa intaneti yake.

Kama unatumia ruta ya laini ya simu, mnara unaokuhudumia unagawa masafa yake ya redio kwa kila aliye chini yake: wewe, wapangaji wa vyumba vya nyuma, na bodaboda wote wa stendi ya jirani. Na ugawaji huo hauwi sawa. Aliye mbali na mnara hupokea mawimbi dhaifu, hivyo kila pakiti yake hutumia muda mwingi zaidi wa hewani. Minara ya jirani nayo ikizidiwa na kazi, kelele zake huingia pembezoni, na nyumba iliyo mpakani mwa minara miwili huona ruta ikihama kutoka 4G kwenda 3G na kurudi. Hapo ndipo msongamano unapogeuka kukatika kweli. Ruta ile ile ukiiweka dirishani upande ulio na mnara inaweza kubadilika kabisa, na ningeanza na hilo kabla ya kununua kitu chochote.

Faiba ina nafuu, ingawa nayo hugawanywa. Katika GPON, mfumo wa faiba ambao nyumba nyingi huchangia uzi mmoja, uzi huo wenye takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde za kupakua na 1.25 za kupakia hugawiwa nyumba 32 au hata 64. Kasi iliyoandikwa kwenye kifurushi chako ni kikomo cha juu. Kuipata saa tatu usiku ni jambo jingine.

Sasa utajuaje kama tatizo ni msongamano? Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, uandike ping, amri inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, kisha anwani ya ruta, ambayo kwa ruta nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Jibu likirudi ndani ya milisekunde chache, ndani ya nyumba pako salama. Kisha fanya vivyo hivyo kwa 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Andika namba hizo saa nane mchana, saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwa siku tatu. Ruta ikijibu haraka nyakati zote huku nje kukipanda usiku hadi mamia ya milisekunde na alfajiri kukishuka tena, huo ni msongamano wa njia ya nje. Kubadilisha ruta hakutakusaidia. Daftari hilo la namba ndilo la kupeleka kwa kampuni yako, na wakikuzungusha, Tume ya Mawasiliano, UCC, hupokea malalamiko ya wateja. Anayesema "intaneti ni mbovu" huambiwa azime ruta na kuiwasha.

Ruta yenyewe ikichelewa kujibu, tatizo liko hewani nyumbani kwako. Katika masafa ya 2.4 GHz, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na kwenye fleti za Kisaasi au Najjera waifai ishirini hugombania hizo tatu jioni watu wakirudi. Hamia 5 GHz kama ruta inayo, au unganisha kompyuta kwa waya.

Kuna sababu nyingine isiyotajwa sana, na mimi ilinitesa miezi miwili. Kila siku ikifika saa mbili na nusu usiku intaneti yangu ilikuwa inalala. Niliilaumu kampuni, nikanunua ruta ya pili, nikalipia kifurushi kikubwa zaidi. Chanzo kilikuwa simu ya mke wangu. Akifika nyumbani huichomeka kwenye chaja, simu inakutana na waifai, na kwa kuwa imepangiwa kuhifadhi picha mtandaoni ikiwa kwenye chaja na waifai, inaanza kupakia video zote za siku. Njia ya kupakia kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kupakua. Ikijaa, hata maombi madogo ya kufungua ukurasa hukwama kwenye foleni ile ile, na nyumba nzima inaonekana kama imekatiwa. Msongamano ulikuwa wetu wenyewe, wa mtu mmoja.

Umeme nao uchunguzwe. Jioni pasi na majiko yakiwashwa mtaa mzima, volti hushuka chini ya zile 240, na adapta dhaifu ya ruta inashindwa kutoa nguvu inayotakiwa kwa nukta moja tu. Taa za nyumba hufifia kidogo usizitambue, lakini ruta inazima na kuwaka, na hiyo ni dakika mbili tatu bila intaneti. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta utafute muda iliokaa ikiwa imewaka. Ukisoma dakika kumi wakati hujaigusa tangu Jumapili, mchawi ni umeme. Betri ndogo ya akiba ya volti 12 kwa kawaida humaliza shida hiyo, mradi volti zake zilingane na zilizoandikwa kwenye adapta.

Kwangu, simu ya mke wangu sasa huhifadhi picha alfajiri, na ruta ya pili nilimpa mdogo wangu. Siku za mpira bado video inashuka ubora kidogo kuanzia saa nne, kisha inarudi filimbi ya mwisho ikilia.