Spika za Masikioni: Sikio Likiacha Kusikia Ghafla, Usingoje Kesho

Maswali haya huulizwa karibu kila siku na watu wanaokuja kutibiwa masikio. Mengine ni mepesi na nitayajibu haraka. Moja si jepesi, na hilo nitalirudia mpaka lieleweke.

Kwa nini spika za masikioni zinaniumiza?

Mara nyingi kipira, kile kifuniko laini cha spika kinachoingia sikioni, ni kikubwa kuliko tundu la sikio lako. Spika nyingi huuzwa na vipira vya ukubwa tofauti, lakini watu huvaa vile vilivyokuja vimechomekwa na kuviacha vingine ndani ya boksi. Vijaribu vyote. Masikio ya mtu mmoja hayalingani kila mara, kwa hiyo hakuna ubaya sikio la kulia likivaa kipira cha kati na la kushoto kidogo. Kama sikio linauma hata baada ya kuvua spika, au linauma ukilivuta au ukibonyeza kinyama kilicho mbele ya tundu, hiyo huwa dalili ya maambukizi. Weka spika kando uende ukatibiwe.

Mbona besi haisikiki, hata nikiongeza sauti?

Kwa sababu kipira hakijaziba vizuri. Pakiwa na upenyo, besi huvuja na kelele za nje huingia. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: badala ya kubadilisha kipira, wanapandisha sauti. Besi hairudi, lakini sikio linabebeshwa mzigo wote. Tafuta kipira kinachoziba bila kusukuma, kisha anza na sauti ya chini. Utashangaa jinsi inavyotosha. Spika zenye uwezo wa kupunguza kelele za nje zinasaidia pia, mradi usizivae barabarani ukashindwa kusikia magari.

Sauti ya kiasi gani ni salama?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ukifika desibeli 90 umebakiwa na saa 4 hivi kwa wiki nzima. Ukifika 100, ni dakika 20 tu, na simu iliyopandishwa mpaka mwisho inaweza kufika huko. Kwa hiyo usivuke asilimia 60 ya sauti ya simu, na uweke kikomo kwenye mipangilio ili mkono usijisahau. Vinyweleo vya sikio la ndani vinavyopokea sauti vikifa havioti tena.

Upande mmoja umepungua sauti. Spika imeharibika?

Badilisha: spika ya kulia ivae kushoto, na ya kushoto ivae kulia. Kama udhaifu umehama pamoja na spika, tatizo ni spika, na mara nyingi ni nta ya sikio iliyoziba wavu wake mdogo. Kama udhaifu umebaki kwenye sikio lilelile, spika ni nzima. Sikio ndilo lenye tatizo. Jaribio hili huchukua nusu dakika, lakini bado tunapokea watu waliokwisha kununua spika mpya huku sikio likiendelea kufa.

Labda ni nta tu. Si itatoka yenyewe?

Inawezekana ni nta. Inawezekana pia ni upotevu wa ghafla wa usikivu unaotokana na sikio la ndani, na kwa hisia zako mwenyewe huwezi kuvitofautisha. Vyote viwili huhisika kama sikio lililoziba. Tofauti ni kwamba nta inaweza kusubiri, huo mwingine hauwezi. Matibabu yake ni dawa za jamii ya steroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya siku chache za kwanza. Wiki mbili zikipita, matumaini hupungua sana. Kwa hiyo sikio likipoteza usikivu ghafla, iwe kwa saa chache au umeamka nalo hivyo, nenda leo.

Lakini haliumi.

Kwa kawaida haliumi, na ndiyo maana watu wanakaa nyumbani. Kutouma si dalili ya usalama. Nenda leo.

Nimeweka matone ya kulainisha nta. Nisubiri wiki moja nione?

Hapana. Wiki hiyo unayoitumia kusubiri ndiyo wiki ambayo dawa ingefanya kazi. Mafuta ya moto, kitunguu saumu na kupuliziwa moshi sikioni navyo visikupotezee hata siku moja. Nenda leo, nta ikutwe huko.

Na kama limeanza kurudi lenyewe?

Wapo wanaopona bila dawa, lakini hakuna anayeweza kujua mapema kama wewe ni mmoja wao. Nenda hata hivyo. Usikivu ukipotea pamoja na kizunguzungu kikali au mlio mkubwa ndani ya sikio, nenda haraka zaidi. Uso ukipinda au mkono ukilegea, hiyo ni dharura ya kupelekwa hospitali saa hiyohiyo.

Nisafishe masikio kwa vijiti vya pamba ili spika zikae vizuri?

Usisafishe. Sikio lina utaratibu wake wa kuisukuma nta nje. Kijiti huirudisha ndani na kuishindilia karibu na ngoma ya sikio, kisha unaongeza spika juu yake. Njiti za kiberiti, pini na vifuniko vya kalamu tumeviona vyote, pamoja na ngoma zilizotobolewa navyo. Futa sehemu ya nje kwa kitambaa, inatosha.

Spika zenyewe nizisafisheje?

Vua vipira vya silikoni, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Wavu ufute kwa brashi laini na kavu. Usiazimane spika na mtu mwenye usaha au muwasho sikioni, na zivue unapolala. Sikio lililozibwa usiku kucha hubaki na unyevu, na unyevu hualika maambukizi.

Nikifika kituoni niseme nini?

Usiseme tu "sikio limeziba", kwa sababu unaweza kuwekwa kwenye foleni ya nta. Sema: "Sikio hili limeacha kusikia ghafla," kisha taja siku na saa ilipoanza, kama una mlio au kizunguzungu, na dawa zote unazotumia. Sema pia kama una kisukari au shinikizo la damu, maana steroidi huweza kuvipandisha. Mhudumu akichungulia asione nta, usikubali kurudi nyumbani na matone peke yake. Omba kipimo cha usikivu, na kama hapo hakipo, omba barua ya rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo.