Treni Mpya Hazipanui Reli: Dhana Zinazonichosha Kwenye Vikao

Kazi yangu ni kupanga uwezo wa reli za abiria wa kila siku, hizi treni za kutoka vitongojini na miji ya jirani kuingia mjini asubuhi na kurudi jioni. Miaka yote hii nikikaa kwenye vikao kuna sentensi moja ambayo nikiisikia natamani nitoke nje nikanywe maji: "Treni zimejaa, si mnunue zingine?" Juzi imesemwa tena, na mtu mzima, mwenye tai, kwa sauti ya mtu aliyegundua kitu ambacho sisi wengine tulikuwa tumekikalia, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Basi leo naandika, nikishamaliza nikiulizwa tena nitakuwa natuma hii tu.

"Treni zimejaa, nunueni zingine"

Treni haina usukani. Basi likiharibika la nyuma linazunguka linapita, treni ikisimama ya nyuma nayo inasimama, na ya nyuma yake, mpaka mwisho wa foleni. Kwahiyo idadi ya treni unazoweza kupitisha kwa saa haiamuliwi na zilizopo karakana, inaamuliwa na sehemu moja mbovu kuliko zote kwenye njia nzima. Moja tu. Unaweza ukawa na reli safi kilomita 60 halafu kuna mita 800 za ajabu karibu na mjini, na hizo mita 800 ndo bosi wako.

Mfano wa wazi uko Paris. RER ndo treni zao za vitongojini zinazopita chini ya mji, na mbili kati yake, RER B na RER D, zinatumia handaki moja la njia mbili kati ya stesheni za Châtelet na Gare du Nord, na saa za msongamano ratiba inataka treni 32 kwa saa kila upande zipite humo. Sasa we nunua treni mia, zipake rangi nzuri, zifunge viyoyozi, handaki halijui hiyo habari. Utaongeza treni ya 33 itasimama nje ya handaki inasubiri, na abiria wake watakuwa wanaangalia ukuta.

Halafu kuna vituo vya mwisho, hapa ndo watu wanashangaa kweli. Stesheni kubwa ya mjini yenye majukwaa sita na reli zinaishia ukutani, mtu anaiona anasema kituo hiki ni kikubwa sana. Hesabu nami. Treni inaingia, abiria wanashuka, dereva anatembea kutoka kichwa hiki mpaka kile cha pili, anakagua breki, wapya wanapanda, inatoka, njia inawekwa sawa kwa ajili ya inayofuata, hapo robo saa imeisha. Maana yake jukwaa moja ni treni 4 kwa saa, majukwaa sita ni 24, na hiyo ni kwenye karatasi, manake kwenye mdomo wa stesheni, pale reli zote zinapokutana kuingia, inayotoka inakatiza njia ya inayoingia na moja lazima ingoje. Sasa chukua jukwaa la kawaida ambalo treni inapita tu upande wa pili, inasimama dakika moja inaondoka, ukaweka treni kila dakika 3. Ni 20 kwa saa kwa jukwaa moja. Majukwaa mawili ya kupita yanahudumia treni 40, sita ya ukutani yanahangaika na 24. Munich, Ujerumani, wanapitisha mpaka 30 kwa saa kila upande kwenye njia yao ya katikati ya mji, na kwenye baadhi ya stesheni kuna jukwaa pande zote mbili za treni, milango ya upande mmoja inafunguliwa kwanza watu washuke, halafu ya upande wa pili watu wapande, hamna kusukumana.

Ndo maana Auckland, New Zealand, ambao stesheni yao kuu, enzi hizo ikiitwa Britomart, ilifunguliwa 2003 ikiwa ya kuishia ukutani, wakaishia kuchimba City Rail Link, mahandaki mawili ya kilomita 3.45, ili treni zipite badala ya kurudi zilikotoka. Treni za umeme walikuwa nazo tayari tangu 2014. Shida haikuwa treni.

Sasa njoo kwenye njia moja, ile ambayo treni za kwenda na kurudi zinagawana reli. Tuseme kati ya sehemu mbili za kupishania treni inatumia dakika 10, ongeza 2 za kubadilisha pointi (zile reli zinazosogea kuhamisha treni njia) na taa, ni 12. Saa moja ina 12 ngapi? Tano. Treni tano kwa pande zote mbili jumla, na kwa kuwa lazima ziende na zirudi, ukitaka ratiba inayoeleweka umebaki na mbili kwenda mbili kurudi. Kila nusu saa. Basi. Nimewahi kukaa na watu walioagiza treni za kutosha kuendesha kila dakika 15 kwenye njia ya aina hiyo, na zilipofika nyingi zikalala karakana zinaliwa na vumbi, halafu mimi ndo naulizwa kwa nini.

Na hata wakikubali kujenga njia ya pili wanakosea tena, wanaijenga pale ardhi ilipo rahisi! Jamani. Treni zikiwa kila nusu saa kila upande, ya kwenda na ya kurudi zinakutana kila baada ya dakika 15 za mwendo. Zikiwa kila dakika 20, zinakutana kila dakika 10. Hizo sehemu za kukutana hazibishaniwi, ni hesabu ya darasa la saba, na njia ya pili inatakiwa iwe hapo, iwe ndefu kidogo ili moja ikichelewa dakika mbili tatu zipishane bila kusimama. Ukijenga kilomita 8 za njia mbili mbali na sehemu zinapokutania umejenga maegesho ya treni ya bei mbaya.

Kwahiyo ushauri wangu, na wanaonijua wananicheka kwa hili: kabla hujaniambia unataka kununua nini, nionyeshe ratiba. Ya miaka 15 ijayo, imeandikwa dakika kwa dakika, treni hii inafika hapa saa ngapi inapishana na ipi. Watu wa reli wanaoongea Kijerumani wana msemo wao, mpangilio kwanza, elektroniki baadaye, zege mwisho, yaani ratiba, halafu taa na mifumo ya kuongoza treni, halafu ujenzi. Wengi naokutana nao wanaanza na zege kwa sababu zege linapigwa picha.

Zürich, Uswisi, ndo walifanya hivi kwa treni zao za vitongojini. Wapiga kura walipitisha hela ya mradi mwaka 1981, huduma ikaanza 1990, na ratiba ya kila nusu saa ilikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo, handaki la katikati ya mji likajengwa ili ile ratiba iwezekane. Halafu angalia Philadelphia, Marekani. Mwaka 1984 walifungua handaki la njia nne katikati ya mji, likaunganisha mitandao miwili ambayo ilikuwa kila mmoja unaishia kwake, kitu ambacho miji mingi inalilia mpaka leo. Lakini treni wakaendelea kuziendesha kwa mazoea ya zamani, nje ya saa za msongamano njia kibao zikabaki na treni moja kwa saa. Handaki unalo, ratiba huna. Kila nikiiangalia ramani yao inaniuma kama hela ni yangu.

Kununua treni kunasaidia lini basi? Pale ambapo treni zako ni fupi kuliko majukwaa. Hapo ongeza mabehewa hata kesho, ndo uwezo wa bei rahisi kuliko wote duniani. Na pale ambapo taa za ishara zimepangwa mbali mbali enzi za treni za mizigo, zisogeze karibu karibu au weka mfumo wa kisasa wa kuongoza treni, utapata nafasi mpya bila kuchimba shimo hata moja. Hivyo vitu viwili havina sherehe ya kukata utepe, ndo maana havisemwi.

"Tunataka treni ya kasi zaidi"

Ya kwenda wapi? Stesheni zenu ziko kilomita 4 kutoka moja mpaka nyingine. Kwa hesabu ya darasani, ukipandisha mwendo wa juu kutoka kilomita 120 kwa saa mpaka 160 unaokoa kama sekunde 12 kwa kila kituo, manake treni ikifika huo mwendo tu inaanza kushika breki. Lakini ukiacha mwendo hapo hapo 120 ukachukua treni inayochomoka mara mbili ya hii ya zamani, unaokoa kama sekunde 16. Bila kunyoosha kona, bila kuvunja nyumba ya mtu. Na ukiinua majukwaa yawe sawa na sakafu ya treni ili mama mwenye mtoto na mzee mwenye fimbo waingie bila kupanda ngazi, unakata sekunde zingine 15 kila kituo, zidisha kwa vituo 15 uone mwenyewe.

"Umeme ni mambo ya mazingira tu"

Hapana. Mazingira ni faida, sawa, ila mimi umeme naupendea kuchomoka. Treni yenye mota chini ya mabehewa mengi inasukumwa na magurudumu mengi, kichwa cha dizeli kinavuta mzigo wote kwa magurudumu yake peke yake. Caltrain, treni za Marekani kati ya San Francisco na San Jose, walihamia umeme Septemba 2024, mwendo wa juu ukabaki ule ule wa maili 79 kwa saa, na treni zinazosimama kila kituo zikapunguza zaidi ya dakika 20 za safari. Mwendo ule ule! Ikija siku mtu akakuambia umeme ni anasa mpe hiyo.

"Treni za ghorofa ndo suluhisho"

Inategemea. Viti vinaongezeka kweli, lakini watu wa juu wote wanashuka kwa ngazi nyembamba kuja kwenye mlango ule ule, na treni ikisimama sekunde 90 badala ya 40 umeshapoteza nafasi ya treni nzima baada ya muda mfupi. Kwenye RER A ya Paris, inayobeba watu zaidi ya milioni 1 kwa siku ya kazi, walipoleta za ghorofa ilibidi kila behewa lipewe milango mitatu mipana kila upande kwa sababu hiyo hiyo. Njia ndefu yenye vituo vichache, ghorofa poa. Katikati ya mji hesabu milango kwanza, viti baadaye.

"Mchana treni ziko tupu, zipunguzeni"

Treni imeshanunuliwa, reli ipo, dereva yuko zamu. Ukiiegesha kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni umeokoa umeme na uchakavu kidogo, basi, na umemwambia nesi wa zamu, mwanafunzi, na mama anayemfuata mtoto shule kwamba hii treni siyo yenu. Baada ya 2020 wafanyakazi wengi wa ofisini hawaendi tena kazini siku tano, kwahiyo mtandao unaoishi kwa kutegemea asubuhi na jioni peke yake ndo umeumia zaidi. Treni ya kila dakika 15 kutwa nzima watu wanaacha kuangalia ratiba, wanaenda tu stesheni. Ya kila saa, ukiikosa unarudi kununua gari.

"Bila maegesho makubwa hakuna atakayepanda"

Nafasi moja ya gari inaleta takriban abiria mmoja kwa siku, manake gari linashinda hapo. Kujaza treni moja ya watu 1,000 unahitaji nafasi 1,000, karibu hekta 3 za lami ukiweka na njia za kupitia, na umeziweka pale pale pembeni ya stesheni ambapo zingekaa nyumba za watu ambao wangekuja kwa miguu. Stesheni ya mwisho kabisa huko mashambani, sawa, weka maegesho. Zingine leteni njia za miguu zenye taa na mabasi yanayofika dakika tano kabla ya treni, siyo dakika mbili baada.

"Kwa nini msifanye ujenzi usiku watu wamelala?"

Treni ya mwisho inapita saa 7 usiku, ya kwanza saa 10 na nusu alfajiri. Una saa tatu na nusu. Zima umeme, funga nyaya za usalama ili mtu asikaangwe, leta mashine kutoka karakana, fika, na mwisho rudisha yote hayo kinyumenyume pamoja na kukagua. Umebaki na saa moja na nusu, labda mbili, za kufanya kazi yenyewe. Kubadilisha pointi za mdomo wa stesheni kwa mtindo huo utachukua miezi, kila asubuhi unaombea iliyokaa nusu isilete shida. Funga njia siku tisa mfululizo, weka mabasi ya kueleweka, maliza. Ila ukipita hapo siku ya tatu ukakuta reli imefungwa na hakuna hata fundi mmoja anayeonekana, hapo piga kelele, na mimi nitakuja kukaa upande wako wa ukumbi.