Nauli ya Kwenye Tangazo na Nauli ya Kwenye Kadi

Tangazo la nauli ya ndege mtandaoni husomwa kwanza na programu ya kulinganisha bei, ndipo linakufikia wewe. Programu hiyo haijui kama una mabegi mawili au unasafiri na mkoba tu. Inachoona ni tarakimu moja, na kwa tarakimu hiyo inawapanga wauzaji kuanzia wa chini. Anayekaa juu ya orodha ndiye anayebofywa. Muuzaji ana kila sababu ya kuishusha tarakimu hiyo, halafu fedha yake akaitafute huko mbele, kwenye kurasa za begi, siti, bima na kile kinachoitwa ada ya huduma.

Nimekaa miaka mingi upande wa wakala, nakata tiketi, na malalamiko ninayoyasikia karibu yote ni ya ukubwa wa ada. Mimi ukubwa haunisumbui sana. Kubeba begi kuna gharama na lazima mtu alipie. Kinachonikera ni ada ya lazima kutajwa ukurasa wa sita, baada ya mteja kuandika majina ya familia nzima na namba za pasi zao.

Kuchelewesha huko kunalipa. StubHub, kampuni ya Marekani inayouza tiketi za michezo na matamasha, ililifanyia jaribio jambo hili mwaka 2015. Wateja wengine walionyeshwa bei pamoja na ada tangu mwanzo, wengine ada ikawajia mwishoni. Hawa wa mwishoni walitumia takriban asilimia 21 zaidi, na uwezekano wa kumaliza kununua ulikuwa juu kwa asilimia 14 hivi. Ada waliiona kabla ya kulipa, hakuna aliyefichwa kabisa. Ila mtu akishachagua siti na kuanza kujiona uwanjani, kurudi nyuma ni kazi. Na kampuni hiyo ilikuwa imejaribu kabla ya hapo kuonyesha bei kamili, wenzake wakaendelea kuficha, ikarudi kwenye mtindo wa zamani. Anayesema ukweli peke yake huonekana ghali.

Sasa tuifungue tiketi yenyewe. Tiketi ya kimataifa ina nauli ya msingi, kisha kodi na ada za serikali na viwanja ambazo shirika linakusanya na kuzipeleka zinakohusika. Kati ya hizo utakuta mstari wenye herufi YQ, au YR. Umechapwa pamoja na kodi, unafanana na kodi, lakini fedha yake inabaki kwa shirika la ndege. Ulipata umaarufu miaka ya 2000 kwa jina la tozo ya mafuta, na mafuta yaliposhuka bei, mashirika mengi hayakuuondoa.

Kwa nini wasiuingize kwenye nauli? Sisi wa kaunta tunajua vizuri. Kamisheni ya wakala ilikuwa inapigiwa hesabu kwenye nauli ya msingi, na punguzo la wateja wa makampuni hivyo hivyo. Ukihamisha dola 100 kutoka nauli kwenda YQ, abiria analipa kilekile, wakala na ile kampuni yenye punguzo wanapata pungufu. Hata anayetumia pointi zake kuchukua tiketi ya "bure", kwa mashirika mengi, YQ anadaiwa. Tozo hii ilishawahi kufika mbali zaidi: mwaka 2007 British Airways ilipigwa faini ya pauni milioni 121.5 Uingereza, baada ya kupatana kwa siri na Virgin Atlantic kuhusu tozo ya mafuta ya safari ndefu, ambayo kati ya 2004 na 2006 ilipanda kutoka pauni 5 hadi 60 kwa tiketi ya kwenda na kurudi. Faini hiyo baadaye ilipunguzwa. Virgin, iliyokwenda yenyewe kuitoboa siri hiyo, haikutozwa.

Kwenye nauli za ndege, sheria za wenzetu zimeishika ile tarakimu ya kwanza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1008 ya mwaka 2008 inataka bei ya mwisho ionyeshwe muda wote, na kodi na ada zote zisizoepukika ziwe ndani yake. Vitu vya hiari abiria avichague mwenyewe. Kisanduku cha bima kilichotiwa tiki tayari hakiruhusiwi, na Mahakama ya Haki ya Ulaya ililisema hilo mwaka 2012 kwenye kesi ya tovuti ya ebookers ya Ujerumani. Marekani nao, tangu Januari 2012, nauli inayotangazwa lazima iwe na kodi na ada zote za lazima.

Hotelini ndiko kugumu zaidi, na kesi ninayopenda watu waijue ni ya Trivago, tovuti ya kulinganisha bei za hoteli, kule Australia. Kampuni ilijitangaza kwenye televisheni kama mahali pa kupata chumba kwa bei nafuu. Ukitafuta hoteli, ofa moja ilikaa mbele kwa maandishi makubwa ya kijani, nyingine zikajificha nyuma ya kitufe cha kuona zaidi. Ofa hiyo ya mbele ilichaguliwa kwa kutazama sana tovuti gani inailipa Trivago zaidi kwa kila mbofyo. Mahakama ya Shirikisho ilionyeshwa kwamba katika asilimia 66.8 ya orodha, ofa iliyowekwa mbele ilikuwa na nyingine ya bei ya chini kuliko yenyewe, hoteli hiyohiyo. Zaidi ya hapo, bei iliyokatwa mstari pembeni, ile ya kukufanya uone umeokoa, wakati mwingine ilikuwa ya chumba cha kifahari, wakati unayouziwa ni ya chumba cha kawaida. Hukumu ilitoka Januari 2020, na mwaka 2022 Trivago ikaamriwa kulipa dola za Australia milioni 44.7. Kwa hiyo ukiona neno "inapendekezwa" juu ya chumba, jiulize aliyependekeza amelipwa na nani.

Ada ya resoti ya Las Vegas, ile ya lazima ambayo hoteli inaiongeza juu ya bei ya chumba, sitaikalia sana. Kuanzia Mei 12, 2025, Marekani imewalazimisha wenye hoteli kuiweka ndani ya bei inayotangazwa. Kwa wafanyabiashara wetu wanaofuata mzigo Dubai, iliyo karibu zaidi ni ile Dirham ya Utalii: dirham 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, kutegemea daraja la hoteli, na mara nyingi unadaiwa mapokezi hata kama chumba ulishakilipia mtandaoni. Hiyo ni ya serikali, usigombane na kijana wa kaunta.

Sheria hata kwetu zipo. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, Kenya ina ya kwake ya mwaka 2010, na zote zinakataza kumpotosha mnunuzi. Tatizo ni kwamba tovuti nyingi tunazonunulia zimesajiliwa mbali, na Mtanzania aliyekatwa dola 18 za "huduma" hana nguvu ya kuzifuata huko. Kwa hiyo kazi inabaki kwenye vidole vyako. Fika hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, kwa wauzaji wawili au watatu, ukiwa na mabegi yaleyale, ndipo ulinganishe. Angalia pia sarafu. Tovuti ikikuuliza ukiwa unalipa kama ikubadilishie dola kuwa shilingi hapohapo, kiwango ni cha kwake na mara nyingi kina faida yake ndani. Kwa kawaida ni nafuu kuacha benki yako ibadilishe.

Jambo jingine ambalo wateja wengi hawaambiwi. Ukishindwa kusafiri na tiketi yako hairudishwi, usiiache ife na kila kitu. Ada za kiwanja ambacho hukupita mara nyingi zinarudishwa ukiomba, YQ kwa kawaida hairudi. Ila muuzaji wa mtandaoni naye anaweza kukata ada ya kushughulikia ombi, na nimeona ada ya namna hiyo ikikaribia kumaliza fedha yote iliyotakiwa kurudi. Uliza kiasi hicho kwa maandishi kabla hujabofya kufuta safari.