Mchoro Ukiuzwa, Hakimiliki Hubaki kwa Nani?

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la ushauri wa hakimiliki yameongezeka, na mengi yanatoka kwa wachoraji na wachongaji ambao kazi zao ziliuzwa kihalali, zikalipiwa, kisha zikaonekana baadaye kwenye fulana, mifuko na kalenda wasizozijua. Karibu kila mlalamishi hutaja uhuru wa sanaa, na karibu kila mnunuzi hujibu kwamba alilipa, kwa hiyo kazi ni yake. Kila mmoja ameshika jambo la kweli, ila amelipeleka mahali lisipohusika.

Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinautaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa, nacho kinaweka mipaka: hakilindi propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Uhuru huo humkinga msanii dhidi ya anayetaka kumnyamazisha. Haumlazimishi mtu yeyote kununua alichochora, na mteja anayeukataa mchoro kwa sababu hakupendezwa na rangi zake hajavunja Katiba. Tumelieleza hili mara nyingi, na tungeomba sasa lieleweke. Vilevile, uhuru huo hauwezi kuwa kisingizio cha kunakili kazi ya mwenzako na kuipeleka sokoni.

Swali la nani anamiliki nini hujibiwa na Sheria ya Hakimiliki, Sura ya 130, na michoro ya matatu ni mfano mzuri. Kanuni za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, enzi za Waziri John Michuki, ziliyapa magari hayo mstari wa manjano na kuwapunguzia wachoraji kazi. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akajitokeza kuunga mkono michoro hiyo, na vijana wengi wakarudi kwenye gereji na makopo yao ya rangi. Mjadala wa miaka hiyo yote ulikuwa juu ya ruhusa ya kuchora. Ni wachache waliouliza hakimiliki ya mchoro uliomalizika ni ya nani, ingawa ndilo swali linalogusa mfuko wa mchoraji.

Jibu lake huwashtua wengi. Kifungu cha 31 cha Sheria hiyo kinasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wa msanii, au iliyofanywa katika utekelezaji wa ajira, huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande hizo mbili ziwe zimekubaliana vingine. Mchoraji aliyeitwa na mwenye matatu, akapewa wazo na arabuni, yuko chini ya kifungu hiki hata kama kila mstari ulitoka kichwani mwake. Mchoraji aliyejifungia chumbani, akachora alichotaka kisha akakiuza kwa mtalii, hayuko chini yake: mtalii ameondoka na turubai, na hakimiliki imebaki kwa mchoraji mpaka miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo aliyechora kwanza na kuuza baadaye ana nguvu ambazo aliyeagizwa kwanza na kuchora baadaye hana, na tofauti hiyo inaweza kurekebishwa kwa sentensi moja iliyoandikwa kabla arabuni haijapokelewa: hakimiliki inabaki kwa msanii, na mteja anaruhusiwa kuutumia mchoro kwenye gari hili pekee.

Nje ya hali hizo za kuagizwa na kuajiriwa, uhamisho wa hakimiliki, pamoja na leseni ya kipekee (ruhusa ya kuitumia kazi inayopewa mtu mmoja tu), hauna nguvu bila maandishi yaliyotiwa saini na anayehamisha au kwa niaba yake. Kuhusu usajili, hakimiliki huzaliwa pale kazi inapowekwa katika umbo linaloshikika. Cheti ni ushahidi mzuri, lakini kukosa cheti hakukunyimi haki ya kudai.

Hata aliyepoteza hakimiliki anabaki na haki za kimaadili, yaani kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi na kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hizi hazihamishiki akiwa hai. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 yaliongeza haki ya asilimia 5 ya bei halisi pale kazi ya sanaa inapouzwa tena kibiashara, na ni masikitiko makubwa kwamba wachongaji wengi hawajui hata jina la mnunuzi wao wa kwanza. Andikeni majina hayo.

Kazi ikipakiwa mtandaoni bila idhini, ilani ya kuiondoa hupelekwa kwa mtoa huduma ya intaneti. Iwe ya maandishi, yenye jina kamili, anwani na saini ya mlalamishi, ieleze kwa kina kazi inayohusika na mahali hasa ilipo, na iambatane na hati ya kiapo au tamko lingine linalothibitisha umiliki, nia njema, na kwamba juhudi za kumtaka aliyepakia aiondoe mwenyewe hazikufaulu. Mtoa huduma ana saa 48 za kazi kufunga njia ya kuifikia, isipokuwa apokee ilani ya kupinga. Anayewasilisha ilani ya uongo au yenye nia mbaya anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miaka 5, au vyote viwili. Ilani zinazoletwa kwetu zikaguliwe mara nyingi hukosa lile sharti la juhudi za awali, kwa sababu mlalamishi hakumwandikia kabisa aliyepakia. Tafadhali mwandikie kwanza, na uhifadhi nakala ya ujumbe huo pamoja na tarehe yake.